Baba Hakutaka Kaburi

Nakumbuka siku moja ya Julai, mwanangu, Baba aliniita Riruta nimtilie uzi kwenye sindano, na nilipomaliza kuutia akaniambia kwamba akifa nisimzike, nimchome.

Alilisema hivyo hivyo tu, kama mtu anayekutuma maziwa dukani. Alikuwa ameketi nje kwenye kiti chake cha mbao, kando ya kijishamba chetu cha sukuma wiki, mahali ambapo jua la asubuhi lilifika kabla ya kufika pengine popote katika ua wetu. Alikuwa amevaa sweta mbili na koti juu yake. Baba aliogopa baridi kuliko alivyoogopa wezi. Na wewe unaijua Riruta ya Julai, ukungu wake haukuulizi umri.

"Mami," akaniambia, "mimi nikienda usikubali wanizike. Unichome, vile walichoma Jayanti."

Ngoja kwanza nikueleze hilo jina la Mami, maana bila hilo hutaelewa mengine. Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba, na mvulana wa kwanza hupewa jina la babu upande wa baba. Mimi ni Wairimu kwa sababu mama yake Baba aliitwa Wairimu. Ndugu yangu anayenifuata ni Karanja kwa sababu Guka, yaani babu yetu, aliitwa Karanja. Na kwetu jina si jina tu. Aliyepewa jina ni kama yule mtu amerudi nyumbani. Kwa hiyo Baba hakuwahi kuniita Wairimu hata siku moja. Nilikuwa mama yake, tangu nikiwa na kamasi puani.

Jayanti naye alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, Mtaa wa Biashara. Baba alishona sare za shule kwenye baraza la duka hilo tangu kabla sijazaliwa mpaka macho yalipomchoka. Walikuwa wakigombana kila siku, mmoja akisema vifungo vimepotea, mwingine akisema havijawahi kuwepo, halafu saa nne wananywa chai pamoja. Jayanti alipofariki, Baba alivaa suti yake ya harusi za watu akaenda Kariokor, pale Wahindu wanapochomea maiti wao. Aliporudi alivua suti, akavaa sweta zake. Kisha akasema, "Wamemaliza siku moja. Na pale hakuna baridi." Sisi tukacheka, tukadhani ni mzaha wake.

Sasa alikuwa ananiambia haukuwa mzaha. Akanionyesha kwa kidevu makaburi ya Guka na Cucu, nyanya yetu. Walipozikwa, pale palikuwa shamba la mahindi. Baadaye tukajenga vyumba vya mabati vya kupangisha, mstari huu na mstari ule, na makaburi yakabaki katikati karibu na bomba la maji. Wapangaji wetu walikuwa watu wazuri, lakini mtu mwenye mtoto mchanga ataanika nguo wapi? Walifunga kamba kutoka kwenye msalaba wa Guka hadi kwenye msumari wa chumba cha mwisho. Baba hakuwafukuza. Alisema tu kwamba baba yake amelala chini ya nepi za watu, na yeye hataki kuwa jiwe la pili la kufungia kamba.

Nikamuuliza kama amemwambia Karanja. Akacheka mpaka akakohoa. Karanja alikuwa shemasi kanisani, na Baba alisema akimwambia ataitiwa kikundi cha maombi. Nikamuuliza basi kwa nini aniambie mimi, msichana, na wanaume wapo.

"Mtoto akisikia baridi," akasema, "humwambia nani? Si mama yake?"

Mwanangu, wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Nilifanya kazi katika ofisi ya bima mjini, nilikuwa na nyumba ya kupanga Kilimani na simu ya mkononi kubwa kama kiatu, na Jumapili nilivaa suruali kwenda kanisani, jambo lililomkera ndugu yangu sana. Nilijiona mtu wa kisasa. Lakini ukiambiwa umchome baba yako, huo usasa wote unakutoka palepale. Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Nilimwambia, "Baba, kunywa chai, inapoa." Ndilo jibu nililompa.

Hakulitaja tena. Mwaka uliofuata, mvua za Aprili zikiwa zimeshika, kifua kilimbana, akalazwa, na hakutoka hospitalini akiwa hai.

Nitakuambia ukweli, kilichoniliza siku zile hakikuwa kifo peke yake. Nilikuwa nimechanganyikiwa vibaya. Alisema mara moja tu, mbele yangu tu. Hospitalini nilikaa naye siku nyingi na hakuligusa jambo hilo. Je, alibadili nia? Je, alikuwa anatania kama kawaida yake, na mimi niliye mzito wa mizaha nikaamini? Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Lakini mkuu mmoja yuko mochari na amesema hivi, na wakuu wengine wako sebuleni wanasema vile. Nimsikie yupi, na guu lipi livunjike? Nikilala nasema nitanyamaza, nikiamka nasema nitasema. Kichwa changu kilikuwa kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili.

Unajua mikutano ya matanga ilivyo. Kila jioni watu wanajaa nyumbani, wanaume wanakaa wakipanga, wanawake tunazunguka na chai na mkate. Jioni ya kwanza nilinyamaza. Karanja alikuwa amekwisha kuchagua mahali, ubavuni mwa Guka, na vijana walikuwa wamepima kwa kamba. Wapangaji wetu, kwa heshima, walikuwa wametoa nguo zote. Niliuona ule uwazi ukiwa umefagiliwa, nikamkumbuka Baba na sweta zake mbili.

Jioni ya pili nilisema. Sikusimama kama mtu anayetoa hotuba. Nilikuwa nimeshika birika, namimina chai ya mzee mmoja wa ukoo, na maneno yakanitoka huku chai ikijaa kikombe na kumwagika kwenye sahani. Nikasema Baba hakutaka kuzikwa, alitaka kuchomwa, na aliniambia mimi.

Kisha Karanja akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Baba yetu si takataka, Wairimu."

Baada ya hapo kila mtu akawa na lake. Mzee wa ukoo, yule wa chai, akasema mwacha mila ni mtumwa. Mwingine akanikumbusha kwamba mtu haachi mbachao kwa msala upitao. Mchungaji wetu, mtu mpole, alifungua kitabu chake cha ibada, akakifunga, akasema yeye hana ugomvi nami, ila humo ndani hamna sala ya jambo hilo. Nje, karibu na sufuria za chai, nilisikia mtu akisema labda nataka ploti iuzwe, maana ardhi isiyo na kaburi jipya ni rahisi kuuza. Hilo liliniuma, kwa sababu halikuwa la kijinga. Usiku ule nilijiuliza mwenyewe kama ni kweli, kama ndani yangu kuna tamaa nisiyoijua. Mtu akichanganyikiwa huanza hata kujishuku.

Lakini kilichonishinda kabisa ni swali la Karanja. Watu walipopungua alinifuata jikoni. Hakuwa na hasira tena. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa ameshika kofia ya Baba mkononi bila kujua kwamba ameishika.

"Nikitaka kuongea na Baba," akaniuliza, "nitaenda wapi?"

Na lilikuwa swali zuri, mwanangu. Usije ukadhani anayekupinga ni mjinga au ana roho mbaya. Ndugu yangu alikuwa anatafuta mahali pa kusimama, basi.

Asubuhi yake nikaenda Muthangari, nyumbani kwa Kirit, mwana wa Jayanti. Nilikwenda nikitumaini kwamba huko angalau nitakuta mtu mwenye hakika. Nilitaka aniambie kwa nini wao huchoma, nipate maneno mazito ya kurudi nayo Riruta. Alinikaribisha vizuri, akaniletea chai yenye tangawizi, akafikiri sana. Kisha akasema, "Dada, mimi nikuambie ukweli. Baba yangu alichomwa sababu baba yake alichomwa. Mimi sikuuliza. Wewe ndio wa kwanza kuniuliza hii maneno." Akaongeza kwamba Baba alikuwa fundi wao na rafiki wa baba yake, na nikiamua, atanisaidia kupanga kila kitu. Nikatoka kule nimechanganyikiwa maradufu. Kumbe wanaozika wanazika kwa sababu walikuta watu wakizika, na wanaochoma vivyo hivyo.

Jioni ya tatu ndipo walipomleta Tata Njeri kutoka Uthiru. Tata kwetu ni shangazi, na huyu alikuwa dada mkubwa wa Baba, aliyekula chumvi hata hakuna aliyejua miaka yake, yeye mwenyewe akiwemo. Alikuwa mwembamba kama ufito, na alibeba kopo lake la ugoro kokote alikokwenda, hata kanisani. Watu walifurahi kumwona. Karanja alisema mbele ya wote kwamba penye wazee haliharibiki neno, na Tata akiamua, yeye ataridhika. Nami nikaitikia kwa kichwa. Kusema kweli nilishukuru. Nilitaka mtu mwingine anibebee huo mzigo, aseme tuzike au tuchome, nami nikalale.

Tata alisikiliza kila upande akivuta ugoro wake polepole. Alipomaliza, akafuta pua kwa kitambaa.

"Mnaongea juu ya kaburi," akasema, "kana kwamba Mungu alitupa siku ile alipotupa mlima. Mimi kaburi nililiona likija. Nilipokuwa mtoto, watu hawakuzikwa, isipokuwa wazee wachache wenye mali. Mgonjwa akizidiwa alipelekwa porini, na fisi wakafanya kazi yao. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Kugusa maiti ilikuwa unajisi wa kutakaswa kwa mbuzi. Halafu wakaja wasomaji wa misheni. Baba yetu alikuwa mmoja wao, kijana tu. Mama yake alipokufa, akasema hampeleki porini, atamchimbia shimo. Ndugu zake wakamuuliza, unataka kumpanda mama yetu kama kiazi? Wakamnyima jembe. Akaazima misheni. Alichimba peke yake, na mimi nilikuwa nimesimama pale nimemshikia kibuyu cha maji ya kunywa. Baada ya hapo hakuna aliyekula naye. Walipita mbali na boma letu. Walisema huyu ameacha mila."

Akanyoosha mkono wake mwembamba kuelekea dirishani, kule makaburi yalikokuwa.

"Huyo ndiye mliyemweka pale nje. Na leo mnataka kumlaza mwanawe ubavuni mwake kwa jina la mila."

Halafu akamgeukia ndugu yangu. Hakumwangalia kama shangazi anavyomwangalia mpwa wake. Alimwangalia kama mtu anayemwona baba yake.

"Wewe ndiye Karanja," akamwambia. "Si nilikushikia maji? Umesahau?"

Karanja aliinamisha kichwa. Mimi nami, mwanangu, nikapumua, nikadhani yamekwisha, mzee amesema na mzigo umenitoka. Hapo ndipo Tata aliponigeukia mimi.

Aliniuliza kama ni kweli Baba aliniambia. Nikasema ni kweli. Akaniuliza nilimjibu nini. Nikasema nilimwambia anywe chai. Kuna mtu alicheka kidogo, lakini Tata hakucheka.

"Mtoto wako amekuambia anasikia baridi," akasema, "na wewe unazunguka nyumba kwa nyumba ukiuliza kama unaruhusiwa kumfunika. Hata mimi unaningoja niseme. Sitasema. Aliambiwa nani, mimi au wewe?"

Maneno hayo yalinipata hapa, katikati ya kifua. Alikuwa ameniita mama mbele ya ukoo mzima, na papo hapo akanionyesha kwamba sijafanya kazi ya mama. Niliona aibu, na woga wangu haukuondoka. Lakini nilijua sasa kwamba hakuna mtu mwingine wa kuulizwa. Nikasema, "Tutamchoma."

Usidhani watu walipiga makofi. Nusu yao waliondoka bila kumaliza chai. Karanja alisimama mlangoni, akasema tufanye tutakavyo, hatazuia, lakini yeye hawezi kusimama akaona. Akaenda zake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilikuwa nimeyavulia nguo mbele ya watu, na yalikuwa baridi.

Siku yenyewe, kule Kariokor, tulikuwa wachache. Tata alikuwa kwenye gari, miguu haikumruhusu kushuka. Mchungaji alikuja, jambo ambalo sikulitarajia. Alisema hana sala ya kitabuni lakini ataomba tu kama mtu aliyemjua fundi, na akaomba vizuri sana. Nilikuwa nimeomba Baba avishwe sweta zake zote mbili na koti. Kuni zilikuwa zimepangwa tayari. Kirit akanivuta pembeni kwa adabu akaniambia kwamba kwao anayewasha moto ni mtoto wa kiume wa kwanza, na kwamba desturi ya nyumbani kwao wanawake hawafiki hapo kabisa. Alionekana ana wasiwasi kunishinda.

"Sasa sijui," akasema. "Wewe unajua?"

Nikamwambia sijui. Tulisimama pale tukitazamana, Mhindi na Mkikuyu, kila mmoja na mila zake mkononi na hakuna iliyokuwa na jibu. Mwishowe alinipa mwenge wa kuwashia kuni. Mkono wangu ulitetemeka hata akanishika kiwiko. Nikawasha.

Ningependa kukuambia kwamba nilijisikia shujaa. Nililia, na sikujua namlilia Baba, au Karanja, au mwenyewe. Lakini moto uliposhika vizuri na joto likanifikia usoni nikiwa nimesimama mbali vile, nilikumbuka maneno yake kwamba pale hakuna baridi. Hayo tu ndiyo yaliyonituliza.

Basi, mwanangu, unafikiri mkanganyiko uliishia hapo? Kesho yake Kirit akanipigia simu niende nichukue majivu. Sikuwa nimeyafikiria majivu hata kidogo! Baba alisema nimchome, hakusema nimpeleke wapi. Kirit aliniambia wao huyatia majini. Nikaufikiria mto wetu wa Nairobi na yote yanayopita humo, nikajua Baba angenifufukia akanichapa. Nikampeleka Kilimani kwenye chungu chenye kifuniko. Nikamweka juu ya kabati, nikaona nimempandisha mno. Nikamweka mezani, nikaona haifai kula mbele yake. Mwishowe nikamweka kwenye kiti karibu na dirisha, na kila nilipotoka kwenda kazini nilimuaga. Usinicheke. Wewe ungefanya nini?

Karanja hakunipigia simu. Krismasi ikapita hatujasalimiana. Jamaa wenye busara walifanya kama usemi unavyosema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakakaa mbali. Kuna siku niliamini nimetenda haki, na kuna siku, hasa Jumapili, nilimwona ndugu yangu ng'ambo ya kanisa na watoto wake nikaona nimevunja nyumba kwa ajili ya maneno aliyoyasema mzee mmoja akiota jua. Nilizipata siku hizo zote mbili katika wiki moja.

Kisha Julai ikarudi. Asubuhi moja ya Jumamosi nikasikia mlango unabishwa, nikafungua, nikamkuta Karanja amesimama na kofia ya Baba kichwani.

"Yuko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akakaa kwenye kiti kile, akakipakata chungu mapajani. Chai niliyompa ilipoa. Baada ya muda mrefu akaniambia kwamba alikuwa amepita nyumbani Riruta asubuhi ile, akakaa kwenye kiti cha Baba kando ya sukuma wiki, bila sababu, kwa kuwa alichoka tu. Jua likamfikia kabla ya watu wote uani. Akashangaa kwamba kwa miaka yote hakuwahi kukaa pale kuona Baba alikuwa anaona nini.

Halafu akatazama dirisha langu, akatikisa kichwa. "Hii nyumba yako haina jua," akasema. "Umemweka kwa baridi. Twende nyumbani."

Tulienda kwa pikapu yake, mimi nimeshika chungu. Tulipofika, wapangaji walikuwa wameanika nguo kama kawaida, nepi zinapepea juu ya Guka, na hakuna aliyeziondoa, wala hatukutaka ziondolewe. Karanja alichukua jembe akalainisha udongo mweusi kando ya sukuma wiki. Alitokwa na jasho, maana alikuwa amenenepa. Mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika jagi la maji ya kumwagilia, na akaniomba maji anywe. Nikamnywesha kutoka kwenye jagi lile lile. Tukaangaliana. Hakuna aliyemtaja Tata, lakini najua sote wawili tulimkumbuka. Kisha tukamimina majivu, tukayachanganya na udongo, tukanyunyiza maji.

Wewe utaniuliza, sasa si mlimzika? Sijui, mwanangu. Mpaka leo sijui. Labda tulimzika, labda tulimpanda kama kiazi, kama walivyosema wale ndugu za Guka. Ninachojua ni kwamba Karanja alisogeza kile kiti cha mbao, akakaa juani, akaanza kuongea kwa sauti ndogo, nami nikaingia ndani kupika chai nimwachie nafasi.

Sasa na mimi naitwa cucu, na nywele zimekuwa rangi ya majivu. Vijana mnanijia na mambo yenu, huyu anataka kuacha kazi aliyosomeshewa, yule anataka kuoa ambako hakuna aliyewahi kuoa, na wote mnaniambia neno moja, kwamba mnangoja kwanza muwe na hakika. Basi nisikilizeni. Hakika huenda isije. Mimi niliungoja ujasiri kama mtu anayengoja moyo utulie, kumbe ujasiri ni kuushika mwenge mkono ukitetemeka. Kuchanganyikiwa si dhambi. Kuomba kila mtu ruhusa ili asipatikane wa kulaumiwa, hilo ndilo alilonikemea Tata, nami nakukemea nalo.

Kabla hujaivunja mila, mwanangu, iulize ilitoka wapi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mila unayoikuta leo kuna mtu aliichimba peke yake akinyimwa jembe, na huenda unayoianza wewe wajukuu wako wataigombania siku moja kama vile haijawahi kukosekana. Lakini sikuambii uchome kila kitu unachokikuta. Ziko mila zinazotufunika, hizo usiziguse. Ukishajua ni nani amekuomba, na kwamba anaomba kwa haki, lifanye mchana, mbele ya watu, si kwa kujificha. Na yule atakayekataa kusimama nawe, usimtukane wala usimfungie mlango. Weka chai. Huenda swali lake ndilo litakalokuonyesha mahali pa kuweka majivu, maana mimi nilijua kuwasha moto tu. Mahali pa kumpumzisha Baba alipaona Karanja.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe mtu wa kukushikia maji siku utakayochimba peke yako. Akurudishie waliokuacha, hata kama watachelewa. Na popote utakapokaa, jua la asubuhi likufikie wa kwanza.